Kambarage wa Mwisenge: Mtoto Aliyejifunza Kungoja

Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere hukumbukwa na wengi kwa kazi zake za ukubwani: kuiongoza nchi hadi Uhuru wa mwaka 1961 na kuwa Rais wake wa kwanza. Sisi waamini wa Mara tumejaliwa kuishi karibu na njia alizopita akiwa mtoto. Ni vema tuzitazame njia hizo, hasa sisi tuliokabidhiwa malezi ya watoto.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki mwenye wake 22, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Siku hiyo mvua ilinyesha, naye mtoto akapewa jina la Kambarage, ambalo katika imani ya wazee ni la mzimu wa mvua. Ingawa alikuwa mwana wa mtemi, alichunga mbuzi kama watoto wenzake. Aliyewahi kuchunga anafahamu kwamba mbuzi hajui cheo cha baba wa mchungaji. Ukizembea kidogo, amekwisha kuingia katika shamba la jirani. Uaminifu katika mambo madogo hufundishwa hapo, kabla ya kalamu na daftari.

Husimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, nchi iliyomo leo wilayani Bunda, alifika Butiama akacheza bao na mtoto huyo. Alipoona jinsi alivyozihesabu kete na kuufikiria mchezo, alimshauri baba yake ampeleke shuleni. Kisa hiki husimuliwa kwa kuisifu akili ya mtoto. Sisi tungependa kuusifu pia unyenyekevu wa mzee, ambaye hakuona aibu kukiri kipaji cha mtoto asiye wake.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, akalala bwenini, mbali na mama yake. Lugha aliyoijua ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alianza kujifunza hapo, na baadaye Kiingereza. Hali yake ilikuwa ile ya mtoto yeyote anayeketi darasani bila kuelewa linalosemwa, wakati wengine wanajibu. Hakukata tamaa: masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaenda shule ya serikali ya Tabora.

Akiwa Mwisenge alianza pia kuhudhuria mafundisho ya dini, akienda kwa miguu hadi misheni ya Nyegina, kwa Mapadre Weupe. Hapo ndipo tunapopaswa kutua. Mtoto huyu alitoka katika nyumba ya imani ya jadi, na wakati wa uhai wa baba yake hakubatizwa. Mzee alifariki mwaka 1942. Tarehe 23 Desemba 1943, huko huko Nyegina, Kambarage alibatizwa kwa jina la Julius, akiwa na umri wa miaka 21. Tangu siku alipoingia Mwisenge ilikuwa imepita miaka tisa. Katika muda huo alitoka Musoma kwenda Tabora, akawa kijana msomi, wala hakuiacha imani aliyoionja utotoni.

Tuwafikirie watoto wetu. Wapo wanaokuja katekisimu peke yao, kwa kuwa nyumbani hakuna Mkristo, au kwa kuwa ndoa ya wazazi ina utata. Tusiwatazame kama wageni. Wapo pia waliobatizwa wachanga, ambao tunawaharakisha hadi Kipaimara, kisha hatuwaoni tena kanisani. Hao na wazazi wao wana la kujifunza kwa kijana aliyeithamini neema hata kabla hajaipokea.

Mbegu hiyo ilizaa. Mtoto aliyejifunza Kiswahili akiwa na miaka 12 ndiye aliyekuja kuziandika Injili na Matendo ya Mitume kwa Kiswahili cha tenzi, vitabu vilivyochapishwa mwaka 1996. Mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari, akarudi Butiama. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa nyumbani kwao.

Tangu mwaka 2005 Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Uchunguzi wa maisha yake haujakamilika, nasi hatuitangulii hukumu ya Kanisa. Tunaloweza kulifanya leo ni kuombea mchakato huo, na Jumapili ijayo kumshika mkono mtoto mmoja asiye na wa kumpeleka kanisani.

Tumsifu Yesu Kristo.