Monier, mtunza bustani aliyetia chuma kwenye zege

JOSEPH Monier alizaliwa mwaka 1823 huko Saint-Quentin-la-Poterie, kusini mwa Ufaransa, na riziki yake ilikuwa kutunza bustani. Vyungu vya udongo vya kupandia miti vilipasuka, na mapipa ya mbao yalioza. Akasuka wavu wa chuma, akaufunika kwa saruji, na mwaka 1867 akapata hataza. Baadaye alitengeneza mabomba na matangi ya maji, na mwaka 1875 akajenga daraja la Chazelet.

Chuma kilidumu kwa sababu ukali wa saruji huzuia kutu. Lakini hewa ya ukaa hupenya polepole na kuumaliza ukali huo. Zege lenyewe halidhoofiki, pengine huwa gumu zaidi juu. Nondo zikipata unyevu ndizo hushika kutu, huvimba na kulipasua. Kwa hiyo anayejenga tangi au banda azifunike nondo vya kutosha, asizidishe maji kwenye mchanganyiko, na alimwagilie zege kwa siku saba au zaidi.

Monier aliuza haki zake kwa Wajerumani, ambao biashara yao ilistawi. Yeye alifilisika mwaka 1888, akafa maskini mwaka 1906.