Michael Graham, aliyehesabu ngege wa Ziwa Victoria

Msikilizaji wetu ukiwa mvuvi unaijua hesabu hii: wavu mmoja, usiku mmoja, samaki wangapi? Michael Graham, Mwingereza aliyezaliwa 1898, aliishi kwa hesabu hiyo.

Alikuwa mtaalamu wa samaki katika maabara ya Lowestoft, mji wa wavuvi mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1927 aliletwa Ziwa Victoria kwa sababu ya malalamiko. Nyavu za kutega za nyuzi za kitani zilikuwa zimefika ziwani mwaka 1905, na mwanzoni zilijaa ngege. Miaka ishirini baadaye, hasa katika ghuba ya upande wa Kisumu ambayo leo tunaiita Winam, mvuvi alitega nyavu nyingi zaidi na kupata samaki wachache kwa kila wavu.

Graham na msaidizi wake kijana, Worthington, walizunguka ziwa wakitega nyavu za matundu tofauti na kupima samaki. Ripoti ilitoka 1929. Alishauri matundu yasipungue inchi tano, ili ngege azae kabla ya kunaswa. Ushauri huo ukawa sheria katika miaka ya 1930.

Kwao, katika Bahari ya Kaskazini, aliona jambo lilelile kwa ukubwa zaidi. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwafungia wavuvi wengi bandarini, na samaki wakapumzika. Vita vilipoisha, meli za kukokota nyavu zilipata samaki wengi kwa kila siku ya kazi. Haikupita miaka mingi, neema ikaisha. Meli zilikuwa bora, makaa ya mawe yaliteketea, na faida haikuonekana.

Katika kitabu chake cha 1943 aliliweka wazi: uvuvi usio na kikomo huishia kukosa faida. Pakiwa na faida, wengine huingia, mpaka mapato yamezwe na gharama. Hata chombo kipya humsaidia mwenyewe kwa muda tu, kwani jirani naye atakinunua. Kwa hiyo, alisema, kupunguza uvuvi kunaweza kuleta samaki walewale kwa gharama ndogo. Kwetu hilo ndilo gumu kuliko yote, maana halisemi nani atoe mtumbwi wake majini.

Kuanzia 1945 hadi 1958 aliiongoza maabara ya Lowestoft, na chini yake Beverton na Holt waliandika kitabu cha 1957 kilichoigeuza hoja hiyo kuwa hesabu kamili.

Huku kwetu, sheria ya inchi tano ilifutwa nchi baada ya nchi, miaka ya 1950 ikielekea mwisho na ya 1960 ikianza. Nyavu ndogo zikaingia. Baadaye sangara naye akaongezeka. Graham alifariki 1972. Ngege, ambaye jina lake la kisayansi alilitoa yeye mwaka 1928, leo ni adimu katika ziwa kubwa. Bado yupo katika maziwa madogo kama Kanyaboli, kule Siaya.