Fadhili William na Malaika

Malaika batu wote ba Likasi banaijua: kijana anapenda, lakini hana mali ya kuoa.

Fadhili William alizaliwa 1938 kule Taita, Kenya. Alipokuwa kijana, gita ya Mwenda Jean-Bosco, iliyorekodiwa 1949 hapa kwetu Jadotville, ilikwisha kufika Nairobi, na wapigaji ba kule balikuwa banaiiga. Karibu mwaka 1960 akarekodi Malaika na Jambo Boys. Miriam Makeba akaiimba, dunia ikaisikia. Mu 1981 Boney M. ya Ujerumani ikaigeuza disco.

Lakini ni ya nani? Adam Salim wa Tanzania naye alidai wimbo ni wake. Fadhili alikufa Nairobi 2001, ule ugomvi haujaisha. Wimbo njo ulizunguka dunia. Mwenyewe bado anatafutwa.