Askofu Aliyejisahihisha

Sisi wazee tunalikumbuka jina la Bengt Sundkler, Mswidi aliyekuwa Askofu wa Walutheri huko Bukoba tangu 1961 hata 1964. Kabla ya hapo alikuwa mmisionari kwa Wazulu. Huko aliyachunguza makanisa ya manabii, na wafuasi wa Isaiah Shembe waliokaa pamoja Ekuphakameni, karibu na Durban. Kitabu chake cha 1948 kiliyahukumu baadhi ya makanisa hayo kuwa daraja la kuwarudisha watu upaganini. Ukali mno, twaona. Hata hivyo hakuacha kuwasikiliza. Katika Zulu Zion, 1976, akikaribia miaka 70, aliwaandika kwa heshima, kama Wakristo wenye ibada yao. Sisi walimu twajua ilivyo vigumu kufuta ubaoni maneno yetu wenyewe. Alifariki 1995.