Shahidi wa Theluji ya Kilimanjaro

Ndugu msomaji, ukisimama Moshi asubuhi, mbingu zikiwa zimetakata, utaiona Kibo na weupe wake, wala hutahitaji shahidi. Lakini alikuwako mtu aliyedhihakiwa kwa kuusimulia weupe huo.

Johannes Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820. Akawa mmisionari wa Kikristo, akafika Mombasa mwaka 1846 na kukaa Rabai. Tarehe 11 Mei 1848, akienda Uchagani kwa miguu, aliona kileleni kitu cheupe, akadhani ni wingu. Kiongozi wake alikiita baridi tu. Ndipo Rebmann, mzaliwa wa nchi ya theluji, alipotambua alichokiona.

Habari hizo zilipochapishwa mwaka 1849, William Desborough Cooley wa London, aliyeijua Afrika kwa vitabu na masimulizi, alizikanusha. Theluji karibu na ikweta! Rebmann hakuugeuza ushuhuda wake. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda mlima huo, na theluji ikamwangukia.

Tazama sasa siri ya maisha: macho yale yaliyoona kweli yalipofuka. Rebmann alirejea kwao mwaka 1875, akiwa kipofu, baada ya miaka karibu 29, akafariki mwaka 1876.

Basi, ewe mtafuta kweli, ni nani aliyekuwa kipofu zaidi? Ukiletewa habari usiyoitazamia, usiikatae ukiwa umeketi. Inuka, ukachunguze.