Mekatilili alifungwa, lakini nani alisikiza kesi yake?

Sanamu ya Mekatilili wa Menza imesimama Malindi mjini, katika bustani iliyopewa jina lake. Watoto wa shule hupigwa picha hapo, na kila mwaka ukifika wakati wa kumkumbuka, ngoma hulia na viongozi hutoa hotuba. Sote tunajua kwamba mama huyu alimpinga mzungu. Tunajua alikamatwa, akapelekwa mbali, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu. Lakini kuna swali moja ambalo sijalisikia kwenye hotuba hizo: kesi yake ilisikizwa na korti gani?

Jibu ni fupi. Hakukuwa na kesi. Mekatilili aliadhibiwa bila kuhukumiwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo katika maisha yake linalotuhusu zaidi sisi tulio hai, kwa sababu hapa Pwani bado kuna watu wanaopewa adhabu kabla ya kusikizwa.

Jina alilopewa alipozaliwa ni Mnyazi wa Menza. Alizaliwa katika karne ya 19 upande wa Bamba, eneo ambalo leo liko Ganze, kaunti ya Kilifi. Mekatilili ni jina alilolipata baada ya kumzaa mwanawe Katilili. Kwa Kigiriama ni sawa na kusema Mama Katilili. Alikuwa binti pekee kati ya ndugu wa kiume, na wazee husimulia kwamba mmoja wa ndugu hao, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa na hakuonekana tena.

Sisi Waislamu wa Pwani tusilipite jambo hili mbio mbio. Biashara ile ilipita katika miji yetu, na watumwa wengi waliishia kwenye mashamba ya watu wa dini yetu. Msichana aliyekua akijua kwamba nduguye amechukuliwa bila kosa lolote hakuhitaji mgeni wa kumfundisha maana ya dhuluma. Aliifahamu kabla mzungu hajafika kwao.

Waingereza walipoamua kuwabana Wagiriama, walimtuma afisa aliyeitwa Arthur Champion, msaidizi wa mkuu wa wilaya, mwaka 1912. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba, kuwasimamia wazee waliowekwa na serikali, na kupata vijana wa kwenda kufanya kazi za ujira mashambani na kwingineko. Wagiriama hawakuona sababu. Walikuwa wakulima hodari wa mahindi, hasa ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, na mazao yao waliyauza wenyewe. Mtu mwenye shamba lake na soko lake, kwa nini aache mahindi yake yaote magugu akapalilie ya mwingine?

Wakati huo Mekatilili alikuwa mtu mzima na mjane. Alizunguka kijiji baada ya kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu walipokusanyika kuitazama aliwaeleza kwamba vijana wao wakiondoka hakuna atakayelima, na kwamba mila zao zinakufa. Katika mwaka wa 1913 watu walikusanyika Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, na viapo viwili vikaapwa. Wanawake waliapa kwa mukushekushe na wanaume kwa fisi, kwamba hawatashirikiana na serikali ya mzungu.

Hapa ni lazima tuseme kweli yote. Kiapo kile kilikuwa na vitisho ndani yake. Aliyekivunja aliaminika kwamba atakufa, na wazee wa serikali waliogopa hadi kazi zao zikalala. Kwa hiyo mtu akisema serikali ya wakati ule ilikuwa na jambo la kumuuliza Mekatilili, sitabishana naye. Ilikuwa nalo. Na kama ilikuwa nalo, ilikosa nini hata isimfikishe mbele ya hakimu, ikamsomea shtaka, ikamwacha ajibu? Haki ya kusikizwa haikuwekwa kwa ajili ya malaika. Imewekwa kwa ajili ya mtu ambaye huenda ana kosa na huenda hana, na hakuna anayeweza kujua mpaka pande zote mbili ziseme.

Wazee wanasimulia habari ya baraza la Agosti 1913, Champion alipokuja kutaka vijana. Mekatilili alifika na kuku mwenye vifaranga, akamwambia afisa yule ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Mzungu alipoinyoosha mkono, kuku alimdonoa. Mama akawaambia watu kwamba hivyo ndivyo atakavyofanyiwa akijaribu kuwachukua wana wa Wagiriama. Wengine wanaongeza kwamba siku hiyo alimzaba Champion kofi. Hiyo ndiyo hadithi tunayoipenda, na hotuba nyingi huishia kwenye kofi.

Mimi nataka tuendelee mbele kidogo. Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa, pamoja na Wanje wa Mwadorikola, mzee aliyekuwa mwenzake katika harakati. Iliamuliwa wahamishwe kwa miaka 5. Wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi, kwa watu ambao lugha yao hawakuifahamu na chakula chao hawakukizoea.

Angalia jinsi mambo yalivyokwenda. Afisa aliyepingwa na mama huyu ndiye aliyeandika ripoti juu yake. Wakubwa wake waliisoma ripoti, na amri ikatoka ofisini. Yaani mlalamishi alikuwa serikali, shahidi alikuwa serikali, na aliyetoa adhabu alikuwa serikali hiyo hiyo. Hakuna hakimu aliyewauliza Mekatilili na Wanje kama wana mashahidi wao. Hakuna rufaa, kwa sababu hakukuwa na hukumu ya kukatia rufaa. Wahenga waliona mbali waliposema usipeleke kesi ya ngedere kwa nyani.

Na malalamiko yake je? Kwamba kodi ni mzigo, kwamba vijana wanachukuliwa kwa nguvu? Badala ya kumjibu, wakoloni walimwita mchawi. Neno hilo lina nguvu ya ajabu. Mtu akishaitwa mwizi, angalau utauliza ameiba nini. Akishaitwa mchawi, maswali yanakwisha. Hakuna anayetaka kusikia utetezi wa mchawi, na ushahidi hautafutwi tena kwa sababu jina lenyewe limekuwa ushahidi.

Januari 1914 Mekatilili na Wanje walitoroka Kisii. Walitembea mamia ya kilomita, wakapita misitu na nyika yenye simba, mpaka wakafika kwao Giriama. Mama wa umri ule! Walipofika waliendelea pale walipoachia, na mwaka huo huo wakakamatwa tena na kuhamishwa tena.

Safari hii adhabu haikumwangukia yeye peke yake. Agosti 1914, siku zile zile Uingereza ilipoingia vita na Ujerumani, serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Mapigano yakazuka. Nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa, watu wakauawa. Kisha kabila zima likatozwa faini ya rupia 100,000, likatakiwa kutoa wanaume 1,000 wa kufanya kazi, na waliokuwa wakiishi kaskazini ya Sabaki wakaamriwa kuyahama mashamba yao.

Hebu fikiria faini ile ilimgusa nani. Ilimgusa mkulima ambaye hakuwahi kukanyaga Kaya Fungo. Ilimgusa ajuza aliyekuwa kitandani siku ya kiapo, na mtoto ambaye wakati ule alikuwa bado tumboni. Katika dini yetu tumefundishwa kwamba hakuna mtu atakayebeba mzigo wa dhambi za mwingine. Tumefundishwa pia, katika mafunzo ambayo Mtume alimpa Ali, Mwenyezi Mungu amridhie, alipomtuma kuamua kesi za watu, kwamba usihukumu kwa maneno ya wa kwanza mpaka umsikize na wa pili. Mambo mawili hayo yakivunjwa, kinachobaki ni mwenye nguvu kumpiga asiye na nguvu.

Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje walirudi kwao, na serikali ikawaruhusu kukaa kaya. Mekatilili akawa kiongozi wa baraza la wanawake na Wanje la wanaume. Wagiriama nao waliruhusiwa kurudi ng'ambo ya Sabaki. Serikali iliyosema watu hawa ni hatari iliamua kimya kimya kwamba wanaweza kuishi tu na jirani zao. Lakini kwa kuwa hakukuwa na kesi, hakukuwa pia na korti ya kumtangaza kwamba hana hatia, wala ya kusema adhabu ilizidi kosa. Alirudishwa jinsi alivyopelekwa, kwa amri. Alifariki mwaka 1924, akazikwa Bungale, Magarini. Deni lile halikulipwa.

Kwa nini nayafukua haya leo? Kwa sababu katika kaunti ile ile aliyozaliwa Mekatilili, neno lile lile lingali linaua. Wazee wetu wanaitwa wachawi kwa sababu ya mvi, kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni, kwa sababu mjukuu ameugua au biashara ya mtu imeanguka. Wengi wameuawa kwa panga usiku, na mara nyingi ukichunguza utakuta kuna shamba ambalo kijana analitaka na mzee hajalitoa. Kule Kaya Godoma, Ganze, kuna kituo wanapokimbilia wazee waliotishiwa na jamaa zao wenyewe. Mzee wa miaka sabini anaikimbia nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akamtafute mtu baki wa kumhifadhi asiuawe na mwanawe.

Mzee huyo kasomewa shtaka wapi? Shahidi wake ni nani? Tulikasirika mzungu alipomwita mama yetu mchawi ili asimsikize. Leo tunafanya vile vile, tena kwa Kigiriama safi na kwa Kiswahili safi, kwa baba zetu wenyewe.

Na ndani ya korti zetu pia kuna kazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa kila mshtakiwa haki ya kusikizwa kwa haki, kuhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kupewa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya korti. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema kwamba sheria iliyomlazimisha jaji kumhukumu kifo kila aliyepatikana na hatia ya mauaji inakiuka Katiba, kwa sababu ilimnyima mshtakiwa nafasi ya kueleza hali yake ili apunguziwe adhabu. Yaani hata aliyepatikana na kosa bado ana la kusema kabla adhabu haijatolewa. Mekatilili hakuipata nafasi hiyo hata kwa dakika moja.

Lakini karatasi ni karatasi. Nimewahi kukaa kwenye benchi la korti moja hapa Pwani nikamwona kijana anakubali kosa la wizi mdogo, na alipotoka kizimbani mamake akaniambia kwamba amekubali kwa sababu hawana pesa ya dhamana. Kukana kungemweka rumande miezi akingoja kesi, na kukubali kungemaliza mambo. Sijui kama aliiba. Na korti nayo haikupata kujua. Mwenye pesa angesema hakuiba, akaenda kulala kwake, akarudi na wakili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini haki inayonunuliwa kwa dhamana mnyonge ataifikia vipi?

Kwa hivyo nina maombi mawili. Kwa viongozi wetu: mtakapopanda jukwaani tena kumsifu Mekatilili, semeni pia mmefanya nini kuhusu watu wenu walio Shimo la Tewa na kwenye rumande nyingine za Pwani kwa kukosa dhamana ndogo, na kuhusu wazee waliokimbilia Kaya Godoma. Kwetu sisi raia: siku utakaposikia mtaani kwamba mzee fulani ni mchawi, kabla hujatikisa kichwa, uliza nani amemsikiza yeye. Uliza kwa sauti, wengine wasikie. Huenda swali hilo dogo likamfikisha mzee huyo asubuhi akiwa hai.