Bessie Williamson: Karani wa Muda Aliyerithi Kiwanda

Wanachuo wenzangu, tukikaa vimbwetani mazungumzo ni yale yale: ajira. Leo nawaletea msomi wa zamani wa Scotland ambaye naye aliingia mtaani kipindi kigumu.

Bessie Williamson alizaliwa Glasgow mwaka 1910 na kuchukua shahada Chuo Kikuu cha Glasgow. Miaka ile ya 1930 uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka. Mwaka 1934 akakubali kibarua cha ukarani kisiwani Islay, kwenye kiwanda cha wiski cha Laphroaig. Ilikuwa kazi ya miezi michache tu ya kiangazi. Kumbe ndiyo imeanza.

Sasa, wiski yenyewe ikoje? Shayiri huloweshwa mpaka ichipue, kisha hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo mweusi wa mimea iliyooza, unaokatwa kama matofali na kuanikwa. Moshi huo ndio unaotofautisha wiski nyingi za visiwani. Waonjaji hunusa kwanza, huongeza maji kidogo, ndipo huonja. Bunnahabhain, ya Islay hiyo hiyo, kwa kawaida haina moshi mwingi, ni laini. Talisker ya kisiwa cha Skye inawasha kama pilipili manga. Laphroaig ndiyo kiboko: inanuka moshi, mwani na iodini, utadhani umeingia wodini. Wapo wanaoiapia, na wapo wasiomaliza glasi ya kwanza.

Mwenye kiwanda, Ian Hunter, alikuwa mtu wa siri. Lakini alipopata kiharusi mwaka 1938, aliyemkabidhi mambo yake ni karani huyo. Bessie akazidi kubeba mzigo, hata wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi lilipotumia majengo ya kiwanda. Hunter alifariki mwaka 1954 bila mtoto, akamwachia Bessie kiwanda. Mwanamke, tena si wa ukoo, kwenye biashara ya wanaume!

Enzi hizo wiski nyingi za visiwani ziliishia kuchanganywa na nyingine. Bessie aliamini zinaweza kuuzwa zenyewe, kwa jina lake kila moja, akazinadi hadi Marekani. Mtaji ulipombana, miaka ya 1960 alianza kuuza hisa kwa kampuni kubwa iliyomilikiwa na Wamarekani, huku mwenyewe akiendelea kusimamia mpaka alipostaafu mwaka 1972. Ukisema aliuza urithi, sikubishii sana. Ila mitambo ilihitaji fedha, na kiwanda kikifa, wanakijiji wangekula nini? Alifariki mwaka 1982. Kiwanda kipo mpaka leo.

Jamani, bahati ilikuwepo, tusidanganyane. Si kila bosi anakosa mrithi. Lakini bahati hiyo ilimkuta Bessie akiwa ameshakaa miaka ishirini akijifunza kazi nzima, siyo kuchapa barua tu huku akihesabu siku za kuondoka. Sisi wa ualimu tunaosubiri tangazo la ajira, tukipata kibarua cha pembeni, tukifanye kwa macho mawili.